Kwa nini KFC ya Doha si KFC ya Kisumu

Swali: "Nauza chipsi na kuku hapa Kaptembwa, Nakuru. Kaka yangu anafanya kazi Doha. Juzi alikuja nyumbani kupitia Kisumu, akatununulia KFC, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Anasema ya Doha ni nyingine kabisa: kuku, chipsi, menyu, hata chumvi. Anasema sisi Wakenya tunaletewa makombo kwa sababu wanajua hatulalamiki. Mimi nilimwambia jina likiwa moja lazima chakula kiwe kimoja. Nani yuko sawa? Halafu, kwa nini waagize viazi ng'ambo na mimi nanunua magunia ya Molo kila wiki? Na McDonald's mbona haiji Kenya?"

Jibu:

Dada, ulimi wa kaka yako haujamdanganya. Amekosea kwenye sababu tu. Chakula kinachouzwa chini ya jina moja hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na mtu aliyezoea cha Doha ataigundua tofauti Kisumu kabla hajamaliza paja la kwanza. Ila hakuna ofisi huko Marekani iliyokaa ikaamua kwamba Mkenya apewe cha chini. Na hilo la Wakenya kutolalamika, sijui anawazungumzia Wakenya gani. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa ubora wa vyakula kwa muda mrefu, kwa hivyo nitakueleza yanayofanyika jikoni na hata nyuma ya jikoni.

Tuanze na mwenye duka. KFC, yaani Kentucky Fried Chicken, ni jina la kampuni ya Yum! Brands ya Marekani, lakini karibu maduka yote duniani yanaendeshwa na watu wengine walionunua leseni ya kutumia jina hilo. Kwetu ni Kuku Foods, iliyofungua duka la kwanza Nairobi mwaka 2011 na ambayo inashughulikia Uganda pia. Huko anakoishi kaka yako ni Americana, kampuni iliyoanzishwa Kuwait mwaka 1964, yenye maduka katika nchi nyingi za Kiarabu. Mwenye leseni hulipa ada ya kuingia, kisha hutoa sehemu ya mauzo yake kila mwezi. Yeye ndiye anayekodi jengo, anayeajiri, anayetafuta kuku, na hasara ikija ni yake.

Mwenye jina anabana mambo machache, lakini hayo anayabana kweli. Viungo vya kuku huja vimeshachanganywa, mpishi hajui ndani mna nini. Kuku hukatwa vipande vya idadi moja na uzito uliopimwa. Hukaangwa kwenye mashine yenye shinikizo, joto na dakika zimewekwa, na kipande kikikaa kabatini kupita muda wake kinatupwa. Mkaguzi huja bila taarifa. Mengine yote yanategemea nchi: kuku mwenyewe, mafuta, unga, viazi, kabeji, ukubwa wa kikombe cha soda, bei na kile kinachoandikwa kwenye menyu. Ukijumlisha hayo unaona kwamba sehemu kubwa ya unachotia mdomoni haikutoka Kentucky.

Kuku wa KFC hapa Kenya anafugwa hapa hapa. Nchi za Ghuba, kwa upande mwingine, huagiza kuku wengi sana waliogandishwa, na Brazil ndiyo muuzaji mkubwa. Kuku aliyeganda akayeyushwa hupoteza maji, nyama inakuwa na nyuzi zaidi, na mara nyingi mfupa unaonyesha weusi karibu na kiungo kwa sababu uboho umevuja wakati wa kuganda. Mwambie kaka yako akirudi atazame mifupa. Huenda akagundua kwamba kwenye kuku peke yake, Kisumu ndiyo iliyompa kitu freshi zaidi. Kisha kuna chakula cha kuku. Mafuta ya kuku hubeba ladha ya alichokula, na kuku aliyelishwa mahindi na soya hatakuwa sawa na aliyelishwa chakula chenye omena (dagaa wa ziwani) nyingi. Hiyo unaijua bila mimi, ukizingatia mayai ya Kisumu.

Watu wa magharibi mwa Kenya huniuliza kwa nini kampuni hizi haziuzi kuku wa kienyeji, mwenye ladha kuliko wote. Jibu ni saa. Broila huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Nyama yake ni laini na inaiva kwenye mashine kwa takriban robo saa. Kienyeji amekimbia shambani miezi mitano au sita, misuli imekaza, anataka sufuria, maji na subira. Ukimtia kwenye mashine ile atatoka kama raba. Tena hakuna wawili wenye uzito mmoja, na mkahawa wa haraka unaishi kwa vipimo. Kwa hivyo ingokho ya Kakamega, kuku wa Waluhya, iko salama mikononi mwa mama zetu, na sioni kampuni yoyote ikiichukua hivi karibuni.

Sasa viazi, kwa sababu hapo ndipo swali lako lina uzito, na ndipo Nakuru inapoingia.

Januari 2022 KFC Kenya ilitangaza kwamba imeishiwa chipsi. Viazi vyake vilikuwa vinatoka nje, na meli zilikuwa zimechelewa kutokana na vurugu za usafiri wakati wa Korona. Nchi ikawaka. Watu waliuliza hilo hilo unaloniuliza: Molo kuna viazi, Mau Narok kuna viazi, Kuresoi, Nyandarua, Meru, Bomet, sasa meli ya nini? Mitandaoni wakataka kampuni isusiwe. Kampuni ikajibu kwamba kila msambazaji lazima apitishwe na mfumo wake wa ubora wa dunia nzima, kisha ikasema itatafuta wasambazaji wa hapa. (Mwonyeshe kaka yako hiyo habari akisema hatulalamiki.)

Jibu la kampuni lilikuwa na ukweli, ila lilisikika kama dharau kwa sababu hawakueleza. Mkahawa wa aina ile haununui viazi. Unanunua chipsi. Viazi vinaingia kiwandani, vinamenywa kwa mvuke, vinakatwa, vinachovywa kwenye maji moto, vinakaushwa, vinakaangwa nusu, vinagandishwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri na kutiwa mifukoni. Kijana wa Kisumu anafungua mfuko, anamwaga kwenye mafuta, dakika chache baadaye anatia chumvi. Hamenyi kitu. Kwa hivyo swali halikuwa "mbona hamnunui kwa mkulima wa Molo." Swali lilikuwa mbona kati ya mkulima wa Molo na duka la Kisumu hapakuwa na kiwanda cha kutosha cha kuganda, chenye vyeti, kinachoweza kuahidi mzigo uleule Januari na Agosti.

Na kiwanda nacho kina masharti. Wewe unatumia Shangi, kama karibu kila muuza chipsi wa Nakuru. Shangi ni kiazi kizuri: kinakomaa kwa takriban miezi mitatu, kinaiva haraka, kinazaa sana. Lakini macho yake yameingia ndani, kwa hivyo ukimenya unapoteza nyama nyingi, na kinaanza kuchipua wiki chache tu baada ya kuvunwa. Mtu wa kibanda hajali, maana gunia la Jumatatu limeisha Jumamosi. Kiwanda kinachotaka kuweka viazi ghalani miezi kadhaa kinajali sana. Ukijaribu kuzuia kuchipua kwa kuviweka kwenye baridi kali, wanga hugeuka sukari, na sukari ikikutana na mafuta ya moto inafanya chipsi ziwe za kahawia na chungu kabla hazijaiva ndani. Ndiyo maana viwanda hutaka aina kama Markies, iliyotoka Uholanzi, yenye sukari kidogo, umbo refu na uvumilivu wa kukaa. Kuipanda kunahitaji mbegu safi, ilhali wakulima wetu wengi hupanda walichojiwekea msimu uliopita pamoja na magonjwa yake.

Hii si hadithi ya Afrika peke yake. McDonald's walipofungua Moscow mwaka 1990 hawakukuta viazi walivyovitaka. Walijenga kiwanda kikubwa pembeni ya jiji, wakaleta mbegu, wakafundisha wakulima. India walifungua mwaka 1996, lakini kiwanda cha McCain kule Mehsana, Gujarat, kilianza kazi 2007, baada ya miaka ya kujaribu aina za viazi na kusaini mikataba na wakulima. Zaidi ya miaka kumi kabla ya chipsi kuwa za nyumbani, katika nchi inayolima viazi kuliko karibu nchi zote duniani. Nikilinganisha, naona Kenya haijachelewa kwa aibu, lakini nasema pia kwamba kampuni ilikuwa na miaka kumi, 2011 hadi 2021, na ilingoja kelele ndipo ianze kutafuta. Hapo siwatetei.

Wiki zilezile ambazo Wakenya walikuwa wanawaka, McDonald's ya Japani ilikuwa inauza chipsi za kipimo kidogo tu. Viazi vyao hutoka Amerika Kaskazini, na mafuriko karibu na bandari ya Vancouver pamoja na Korona vilikuwa vimezuia meli. Japani, dada, nchi tajiri namna ile. Mwaka 2018 KFC ya Uingereza ilibadilisha kampuni ya usafirishaji, kuku wakakwama, na mamia ya maduka yakafungwa: KFC bila kuku. Na Januari 2015 McDonald's ya Venezuela iliishiwa chipsi ikaanza kuuza mihogo ya kukaanga. Nilipoisoma hiyo nilicheka, maana mtu wa Busia angeona wamepiga hatua mbele.

Kwa hivyo makombo, hapana. Lakini kuna mahali kaka yako ana hoja nzito kuliko anavyojua, na ni kwenye chumvi na mafuta.

Mwaka 2012 jarida la madaktari wa Kanada lilichapisha utafiti uliolinganisha chumvi katika vyakula vya haraka vya nchi sita. Vipande vidogo vya kuku vya McDonald's, jina lilelile, sanduku lilelile, vilikuwa na gramu 0.6 za chumvi kwa kila gramu 100 Uingereza, na gramu 1.6 Marekani. Kabla ya hapo, mwaka 2006, watafiti wa Denmark walikuwa wamepima yale mafuta mabaya yanayotokana na kugandisha mafuta ya mimea kiwandani, yale yanayoziba mishipa ya moyo. Walichukua mlo mkubwa wa chipsi na kuku kutoka McDonald's na KFC za nchi nyingi. Denmark ulikuwa na chini ya gramu 1. McDonald's ya New York ulikuwa na takriban gramu 10. KFC ya Hungary ulipita gramu 20.

Kwa nini Denmark? Si kwamba watu wake walipendwa zaidi. Denmark ilikuwa imepitisha sheria mwaka 2003 kwamba mafuta hayo yasizidi asilimia 2 ya mafuta yote kwenye chakula. Kampuni zilezile zilizosema kwingine kwamba ladha itaharibika zilibadilisha mafuta Denmark, na Wadenmark wakaendelea kula. Uingereza nayo ilikuwa imewekea viwanda malengo ya kupunguza chumvi. Kampuni ya namna hii hufuata kipimo cha chini kabisa ambacho nchi itakikubali. Ikiwa nchi haijadai, haidaiwi. Kaka yako akitaka kulaumu mtu kwa chumvi ya Kisumu, aanzie kwa waheshimiwa tuliowachagua na shirika la viwango, ndipo afike kwa mpishi.

Hata chipsi zenyewe hutofautiana kwa yaliyomo. Za McDonald's Uingereza ni viazi, mafuta ya mimea na sukari kidogo ya kurekebisha rangi. Za Marekani zina orodha ndefu zaidi, ikiwemo ladha ya nyama ya ng'ombe. Zamani walikaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Mwaka 1990 wakahamia mafuta ya mimea, lakini ladha ile wakairudisha kwa mlango wa nyuma. Wahindu na watu wasiokula nyama walipogundua, wakaenda mahakamani, na mwaka 2002 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 10. Huko India kwenyewe, McDonald's haijawahi kuuza nyama ya ng'ombe wala nguruwe tangu siku ya kwanza. Baga kubwa inaitwa Maharaja Mac, na inayopendwa sana ni ya kiazi na njegere, aloo tikki. Jikoni wanaopika nyama na wanaopika mboga hutenganishwa.

Dini ndiyo inayoeleza pia kwa nini hapa Kenya KFC ni halali yote, ilhali Uingereza ni baadhi tu ya maduka. Muislamu wa Kisumu anaingia bila kuuliza. Binamu yake akiwa London huuliza kwanza.

Menyu ndiyo rahisi kueleza, kwa hivyo sitakaa hapo sana. Afrika Kusini KFC inauza pap, ambao ni ugali wa jirani zetu. China, ambako KFC iliingia Beijing mwaka 1987, wanauza uji wa mchele asubuhi na vikeki vya mayai. Japani imefanya KFC kuwa chakula cha Krismasi tangu kampeni ya mwaka 1974, na watu huagiza mapema. Nchi za Kiarabu McDonald's walileta McArabia, nyama ndani ya mkate bapa. Ufilipino inauza kuku kwa wali na tambi zenye sosi tamu. Kila mahali wanatafuta kile ambacho mtu wa hapo asipokipata haoni kama amekula.

Jambo moja watu wa mpakani hulichanganya: Cafe Javas ya Kampala si ndugu ya Java House yetu. Java House ilianzia Nairobi mwaka 1999. Ukivuka Busia ukaona jina linalofanana usitarajie kahawa ileile, wala usimlaumu mhudumu.

Na tukiwa kwenye majirani, nadhani kaka yako anazitazama kampuni za Marekani kupita kiasi. Chakula cha haraka kilichoenea zaidi miji kama Kisumu, Nakuru na Eldoret kina asili ya Kiafrika. Chicken Inn na Pizza Inn, zile ambazo vijana huzijaza kila Jumanne kwa ajili ya piza mbili kwa bei ya moja, ni za Zimbabwe. Chicken Inn ya kwanza ilifunguliwa Harare mwaka 1987, na kampuni mama sasa inaitwa Simbisa Brands. Galito's ilianzia Nelspruit, Afrika Kusini. Steers na Debonairs pia ni za Afrika Kusini. Hizi zilifika mapema, zikajifunza umeme unavyopotea, zikajifunza kwamba Mkenya anataka chupa ya pilipili na ya tomato mezani, wala si vipakiti vitatu vya kuhesabiwa.

Hapo ndipo naiona sababu ya McDonald's kutokuja, ingawa hayo ni maoni yangu. Barani Afrika wako Moroko tangu 1992, Misri tangu 1994, Afrika Kusini tangu 1995, na Mauritius tangu 2001. Ukiacha Mauritius, hizo ni nchi zenye miji mikubwa mingi, viwanda vya kuchakata nyama na viazi, na magari ya baridi ya kutosha. McDonald's hupenda kuwa na msambazaji mmoja wa mikate, mmoja wa nyama, mmoja wa chipsi, wanaoweza kulisha maduka mengi kwa wakati mmoja. Duka tano za Nairobi na moja ya Kisumu hazilipi kiwanda. Wakileta kila kitu kwa meli, shilingi ikiteleza wanakufa. Si nadharia hiyo: Iceland ilikuwa na McDonald's tangu 1993, vitu vyake vingi vikitoka Ujerumani. Fedha ya Iceland ilipoporomoka wakati wa msukosuko wa benki, gharama za kuagiza zikapanda mno, na mwaka 2009 maduka yote matatu yakafungwa. Hayajarudi.

Tena si kila wanakokwenda wanashinda. Ufilipino walifika mwaka 1981 wakakuta Jollibee, kampuni ya familia iliyoanza kama duka la aiskrimu mwaka 1975. Jollibee iliweka sosi tamu na kuku wa kukaanga kwa namna ambayo watoto wa Manila walikuwa wanaipenda, na mpaka leo ndiyo inayoongoza nchini mwao. McDonald's ndiyo iliyolazimika kuanza kuuza wali na tambi.

Nikirudi kwako, maana hukuuliza lakini nimelisikia swali ndani ya swali: je, wakifungua duka karibu na steji yako, utafunga? Sidhani. Mteja wako wa saa saba mchana ana shilingi mia na haraka. Hawezi kusimama foleni ya kadi. Ila kuna mambo matatu wanayoyafanya wao ambayo hayahitaji leseni ya mtu.

La kwanza ni mafuta. Wao hawakaangi kwa kubahatisha: hupima joto, karibu nyuzi 175, na hupima mafuta yameharibika kiasi gani. Ujerumani, kwa mfano, mafuta yakipita asilimia 24 ya uchafu unaotokana na kuungua, hayafai tena kuuzia watu. Wewe huna kipimo hicho, lakini una macho: mafuta yakiwa meusi, yakitoa povu lisilotulia, yakitoa moshi kabla ya kupata joto, yamekwisha. Usiongeze mapya juu ya mabovu ukadhani umeyaokoa. Chuja kila jioni yakipoa, maana makombo yanayobaki chini ya karai ndiyo yanayoyaua haraka.

La pili ni kukaanga mara mbili. Kata, osha wanga utoke, kausha kwa kitambaa, kaanga kwa moto wa wastani hadi ziive bila kugeuka rangi, toa. Mteja akija, zirudishe kwenye mafuta ya moto kali dakika mbili au tatu. Ndicho kiwanda kinachofanya, ila wao wanagandisha katikati. Wewe usigandishe, friza ya nyumbani huganda polepole mno na chipsi hulegea. Ukizitoa mara ya kwanza zitandaze zipoe, zifunike nzi wasitue, na uzimalize siku hiyohiyo.

La tatu ni viazi vyenyewe. Viweke gizani, penye hewa, na kamwe si kwenye friji, kwa sababu ya ile sukari niliyokueleza. Kilichogeuka kijani kina sumu: kata sehemu yote ya kijani pamoja na nyama ya chini yake, na kikienea, tupa. Ukipata mkulima wa Molo au Mau Narok anayelima Markies, nunua gunia moja ulipike sambamba na Shangi, uone wateja wako watarudia ipi. Inaweza kukugharimu zaidi kwa gunia, lakini utapoteza kidogo kwenye kumenya, na hesabu ya mwisho ni ya sahani ngapi umetoa kwa gunia, si bei ya gunia.

Na kaka yako akipiga simu kutoka Doha, muulize kuhusu mifupa.